Beseni la Mkunga Lavuka Mpaka

Jumanne moja, saa tano na robo asubuhi, Bi Lehemu alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa karakana yake, akiziba mdomo wa kopo la kumwagilia maua, ndege ya kivita ilipotua mtaani. Ilitua upande wa juu, penye duka la vitambaa, ikateremka polepole katikati ya barabara, ikainamisha bawa la kushoto ili isiiangushe kamba ya nguo za mkunga, ikasimama mbele ya karakana. Bi Lehemu hakuinuka. Lehemu ikishayeyuka haingoji mgeni. Alimaliza kuliziba kopo, akalipuliza, akalitia maji kuona kama bado linavuja, ndipo akaitazama ndege.

Bawa la kulia lilikuwa na matundu sita.

"Shikamoo mama," alisema rubani huku akiteremka. Alikuwa kijana mwembamba mwenye masikio makubwa, na kofia yake ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliyekuja kuomba kazi. "Utatusamehe kwa usumbufu. Tuliipeleka karakana ya jeshi, wakaigonga, wakaipaka dawa, haikutaka. Kila wakiweka kiraka kinadondoka. Leo asubuhi nimeielekeza kaskazini, yenyewe ikaja huku."

"Marahaba. Isogeze kivulini," alisema Bi Lehemu. "Jua likipiga bati sioni tundu linapoanzia."

Jambo lenyewe halikuhitaji maelezo marefu. Mwaka uliotangulia, vita vilipoanza kunoga, iliundwa Kamati ya Ndege Yetu, na mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi akachaguliwa mwenyekiti, kwa kuwa ndiye aliyeichagua kamati. Kila mtaa ulitakiwa kutoa ndege moja. Mwenyekiti alipanda juu ya kreti la misumari na kuueleza umma kwamba ndege ni sufuria iliyopata elimu. Watu walicheka, wakapiga makofi, wakarudi nyumbani na kuzishika sufuria zao kwa nguvu zaidi kuliko jana. Hapo ndipo Mwenyekiti alipomwendea Bi Lehemu.

Hakukosea. Hapakuwa na sufuria katika mtaa ule ambayo haijawahi kulala mapajani mwa Bi Lehemu. Alizijua kwa viraka vyao kama mwalimu anavyowajua wanafunzi kwa mwandiko. Alijua ipi huunguza, ipi imepigwa ukutani siku ya ugomvi, ipi ni ya mahari na ipi ni ya kuazima isiyorudishwa. Mwanawe wa pekee alikuwa amechukuliwa jeshini miezi miwili kabla. Kijana huyo mtaa mzima ulimwita Taratibu, kwa sababu alichelewa kuzaliwa na tangu hapo hakuliharakisha jambo lolote. Bi Lehemu alifikiri kwamba mtu wa namna hiyo, aliye vitani, anahitaji kitu cha kumwangalia kutoka juu. Basi alijitanda kanga, akapita mlango kwa mlango. Watu walisema kama fundi mwenyewe, ambaye sufuria ndizo zinazomlisha, anasema zitolewe, sisi ni nani wa kuzificha uvunguni? Zikapatikana sufuria mia nne na kumi na mbili, na vifuniko tisini na saba. Kilichobaki cha kupikia kilikuwa vyungu vya udongo, na kwa bahati njema Mwenyekiti alikuwa ameagiza shehena nzima ya vyungu wiki moja kabla.

Kwa hiyo ndege ilikuwa sufuria, na sufuria ikitoboka huenda kwa Bi Lehemu. Ndivyo ilivyozoea.

Majirani walitoka kuja kuiona, kila mtu akitafuta chake. Mkunga, aliyekaa nyumba iliyotazamana na karakana, aligundua kwamba mlango wa rubani ni kifuniko chake kikubwa.

"Kinafunga?" alimuuliza rubani.

"Hakifungi vizuri, mama."

"Hakijawahi kufunga vizuri," alisema mkunga, akaridhika.

Mshona viatu, mwenye kibanda kilichopakana na karakana, aliikuta sufuria yake tumboni mwa ndege, imepondwa ikawa bapa, lakini alama ya kuungua iko pale pale. Injini ilikuwa bado ina moto, na ndege nzima ilitoa harufu ya maharage yaliyosahauliwa jikoni. Mshona viatu alisimama karibu nayo kwa muda. Mkewe alifariki mwaka wa pili baada ya kuhamia mtaani, na kati ya mapishi yake yote, kuunguza maharage ndiko alikomwachia mumewe kama kumbukumbu.

Bi Lehemu alianza kazi. Aliingiza koleo katika tundu la kwanza na kukuta kwamba risasi haikutokea upande wa pili. Ilikuwa imeingia kwa adabu, pembeni kidogo ya kiraka chake cha zamani, na kukaa humo ndani kama mtu aliyefika kwa jirani. Aliitoa, akaifuta kwa upindo wa kanga, akainusa. Ilinukia sabuni.

Aliigonga kwa nyundo ndogo. Kila shaba ina sauti yake, na hii ilikuwa na sauti nzito, ya kujivuta, inayoanza kwa kishindo na kuishia kwa mluzi. Bi Lehemu aliigonga mara ya pili, kisha akaita ng'ambo ya barabara.

"Mkunga! Hebu njoo usikilize hapa."

Mkunga alivuka, akasikiliza, akaichukua risasi, akaigonga mwenyewe kwa pete yake.

"Ni beseni langu," alisema.

"Ndivyo nilivyofikiri."

"Nilikuwa najiuliza lilifika wapi," alisema mkunga.

Hili nalo lilikuwa na asili yake. Baada ya sufuria ilikuja kampeni ya pili, ya shaba, kwa ajili ya kutengenezea vijana wetu risasi. Bi Lehemu alipita tena mlango kwa mlango. Zikatoka bomba za maji, vitasa, vinara, vifungo vya makoti ya marehemu. Mkunga alikuwa na beseni la shaba alilorithi kwa bibi yake, zito kama deni, na ndani yake alikuwa amewaogesha wachanga wote waliozaliwa mtaani kwa miaka thelathini. Taratibu alioga humo dakika ya kumi ya maisha yake, na alilia kwa kuchelewa, maji yalipokwisha kupoa. Mkunga alikataa kulitoa mara mbili. Mara ya tatu Bi Lehemu alimwambia, "Dada yangu, nipe tu. Mwanangu yuko huko hana risasi." Mkunga akalitoa.

Sasa risasi ilikuwa imetoka katika bunduki ya upande wa pili, ikaingia katika bawa la upande wetu.

"Nyie huwa mnajipiga wenyewe?" Bi Lehemu alimuuliza rubani.

"Hapana mama. Hizi ni za adui. Zao ni nzuri zaidi," alisema rubani kwa heshima.

Bi Lehemu aliyaziba matundu yote sita, akagonga viraka hadi vikakaa, akaimwagia ndege ndoo ya maji kuona kama inavuja. Haikuvuja. Rubani alishukuru, akaomba maji ya kunywa, akaondoka. Risasi sita zilibaki juu ya meza ya kazi. Kila lori lilipopita barabarani, zilitikisika na kulia kama beseni linalowekwa chini.

Siku iliyofuata Bi Lehemu alizifunga katika leso na kwenda kwa Mwenyekiti. Nyumba ya Mwenyekiti ilikuwa ya chini tu vita vilipoanza. Sasa ilikuwa na ghorofa moja, na mafundi walikuwa wanaanza ya pili. Mwenyekiti alimkaribisha vizuri, akamvutia kiti mwenyewe, akazitazama risasi kama mtu anayeoneshwa picha za harusi aliyohudhuria.

"Ndiyo, ni zenyewe," alisema. "Kazi safi, eh?"

"Shaba ile tulitoa kwa ajili ya watoto wetu, Mwenyekiti."

"Na imewafikia."

"Imewafikia ikitokea mbele."

Mwenyekiti alihema kama mtu anayelazimika kumfundisha mtu mzima kusoma. "Bi Lehemu, dada yangu, nisikilize. Ndege ina injini. Injini haitengenezwi kwa sufuria, injini inanunuliwa. Sasa ile shaba ningewauzia wetu, wangenilipa kwa cheti cha shukrani. Ninavyo vyeti vinane, viko ukutani pale, vinapendeza. Wale wa ng'ambo wanalipa taslimu. Fedha yao ndiyo iliyonunua injini ya ndege yenu. Kwa hiyo ukiangalia kwa makini, adui ndiye aliyetuchangia."

"Na ghorofa?"

"Ghorofa ni ofisi ya kamati," alisema Mwenyekiti. "Unataka niendeshe vita nikiwa nimekaa chini?"

Bi Lehemu hakuwa mtu wa maneno mengi, na hasira yake ilikuwa kama lehemu, inachukua muda kuyeyuka ila ikishashika imeshika. Alikwenda moja kwa moja ofisi ya wilaya. Karani wa huko alimsikiliza mpaka mwisho, akaandika kila kitu kwa mwandiko mzuri, hata ile harufu ya sabuni. Alisema kosa hilo liko wazi, lina kifungu chake na lina fomu yake. Fomu ilikuwa ya rangi ya waridi, na kichwa chake kilisomeka: Taarifa ya Kumuuzia Adui. Kilichohitajika tu ni saini ya mwenyekiti wa kampeni wa eneo husika.

Bi Lehemu akarudi kwa Mwenyekiti na fomu. Mwenyekiti aliisoma yote, akasahihisha kosa moja la tahajia, akasaini, akagonga muhuri.

"Hakuna sababu ya kuogopa karatasi," alimwambia. "Mimi sina kinyongo."

Karani aliipokea fomu, akasema imekamilika, akaiweka katika kabati la fomu zilizokamilika. Kabati lilikuwa limejaa, ikabidi aisukume kwa goti.

Ndege iliendelea kuja kila Jumanne. Wakati mwingine ilikuwa na matundu manne, wakati mwingine kumi na moja. Mtaa ulizoea. Mkunga alianza kuanua nguo zake mapema siku za Jumanne, mwenye duka la vitambaa akapaka mstari mweupe barabarani ili watoto wasicheze ng'ambo yake, na rubani akawa na sahani yake kwa mshona viatu. Wawili hao walikula wakiwa wamekaa chini ya bawa, injini ikiendelea kupoa na kunukia maharage. Risasi juu ya meza ya Bi Lehemu zikaongezeka, akazihamishia katika debe.

Kisha ikaja barua ya Taratibu. Aliiandika mwezi mmoja na nusu kabla, na kwa mwandiko ulioonesha kwamba hakuwa na haraka. Bi Lehemu, ambaye herufi ndogo zilimshinda, alimpa mkunga asome, na mshona viatu akaweka nyundo chini ili asikilize, kwa kuwa mwanawe alikuwa kikosi kimoja na Taratibu. Kijana wa mshona viatu aliitwa Mlingoti. Urefu wake ulifanya jeshi limshonee suruali ya vipande viwili. Walihamia mtaani akiwa na miaka minne, akiingia mlangoni kwa kuinama.

Mkunga alisoma: "Mama, mimi mzima, sina hakika kuhusu nyinyi. Huku risasi ni nyingi lakini hazinigusi. Zinakuja, zikinikaribia zinapunguza mwendo, zinapinda, zinanizunguka, halafu zinaendelea na safari zao. Moja ilisimama kabisa mbele ya sikio langu kama inataka kuuliza kitu. Zinanukia sabuni. Kamanda ameliona hilo, amenitoa nyuma, ameniweka mbele ya wote, na ruhusa ya kuja nyumbani ameifuta, anasema mtu kama mimi hapewi likizo. Wenzangu wanapanga mstari nyuma yangu, mmoja nyuma ya mwingine, kama bata. Tuko ishirini na watatu. Inasaidia kidogo, ila risasi zikishanipita zinarudi kwenye njia yao. Mlingoti ndiye wa pili. Kichwa chake kinazidi changu kwa dhiraa nzima. Anasalimu."

Mkunga aliikunja barua kwa mikunjo yake ile ile.

"Lilikuwa beseni lenye akili," alisema mwishowe. "Bibi yangu alisema halimsahau mtu."

"Mwanangu hakuoga humo," alisema mshona viatu.

"Hapana, baba. Mlikuja amekwisha kuwa mkubwa."

"Alioga kwenye karai la bati. Tulipokuwa tunakaa kule. Likatoboka tukalitupa." Aliinua nyundo yake, akaitazama, akairudisha chini. "Ulipopita mlangoni kwangu ile mara ya pili, Bi Lehemu, mimi nilikupa nini?"

Bi Lehemu alikumbuka, kwa sababu alikumbuka vyombo vyote. "Kifungo cha mkanda," alisema.

"Kimoja," alisema mshona viatu. "Na hata hicho kilikuwa cha mteja."

Habari haikai katika mtaa wenye kuta nyembamba. Kufikia jioni kila nyumba ilijua kwamba shaba yetu ndiyo risasi ya adui, na kwamba shaba inawajua wenyewe. Bi Lehemu alitegemea watu wataokota mawe. Alifunga karakana mapema, akajiandaa kuongozana nao hadi kwa Mwenyekiti. Alikuwa hata amechagua nyundo.

Asubuhi alikuta watu wamekwisha kufika kwa Mwenyekiti. Walikuwa wamepanga foleni, na kila mtu ameshika shaba.

Mama wa mapacha, ambaye wanawe wote wawili walioga katika beseni la mkunga, alikuwa ameleta kitanda. Kilikuwa kitanda cha shaba alichokiokoa katika kampeni ya pili kwa kukilalia siku tatu bila kuamka, akijidai mgonjwa. "Beseni moja lina mwisho wake, risasi hazina mwisho," alimweleza Bi Lehemu. "Hiki wamekilalia miaka kumi na minane. Mmoja alikuwa anakojoa. Hakiwezi kumsahau." Mwenye duka la vitambaa alileta mzani wake wa shaba, ambao mwanawe alikuwa akibembea juu yake utotoni. Bibi mmoja alileta tarumbeta ya mjukuu wake, akasema mtaa mzima unakumbuka alivyoipuliza, sembuse yenyewe.

"Jamani," alisema Bi Lehemu. "Huyu mtu anamuuzia adui."

"Tunajua," walisema watu wa foleni.

"Mnampelekea adui risasi."

"Adui hakosi risasi, Bi Lehemu," alisema mama wa mapacha, bila ukali. "Atapata za kwetu au atapata za watu baki. Bora za kwetu. Wewe mwanao anazungukwa. Sisi je?"

Bi Lehemu alirudi karakana, akaining'iniza nyundo mahali pake.

Mwenyekiti aliona mambo yamekwenda vizuri kuliko alivyopanga, akatangaza rasmi kampeni ya tatu. Safari hii hapakuwa na haja ya kreti wala hotuba. Bango lilisema tu: Shaba Yenye Kumbukumbu, Mwisho Jumamosi. Mitaa mingine ilisikia, nayo ikaleta. Watu waliokuwa na shaba mpya ya dukani, isiyojua mtu, walikaa nayo kwanza siku kadhaa. Waliivisha nguo za vijana wao, wakailaza vitandani mwao, wakailisha uji. Usiku na mchana ukipita karibu na madirisha ungesikia watu wazima wakizihadithia bomba za maji habari za mtoto fulani, alivyoanza kutembea, alivyoogopa jogoo.

Ijumaa ilifika barua nyingine ya Taratibu. Ilikuwa fupi. Alisema ni mzima. Alisema mstari wa bata umepungua, siku hizi wanatosha kwenye benchi moja na nafasi ya kuweka kofia inabaki. Alisema Mlingoti bado yupo, amejifunza kutembea kwa kupiga magoti, na kiatu kimoja kimemwishia upande wa vidole.

Mkunga alipomaliza kusoma, mshona viatu aliingia kibandani kwake. Walimsikia akipekua. Alipekua kwa muda mrefu kwa mtu mwenye chumba kimoja. Alipotoka hakuwa na kitu mkononi.

"Nina sindano," alisema. "Za chuma. Chuma kinakumbuka?"

"Chuma hakikumbuki hata mvua," alisema Bi Lehemu.

"Kesho ndiyo mwisho."

Bi Lehemu alitazama debe lake. Lilikuwa na risasi za Jumanne tano, na zote ni beseni. Mkunga alimwona anapotazama, na kwa kuwa walijuana tangu ujana wao, alimvuta kanga akamsogeza pembeni.

"Fikiri kwanza," alisema mkunga kwa sauti ya chini. "Shaba hiyo imemshika mwanao. Ukiiyeyusha ukaifundisha mtoto mwingine, mimi siwezi kukuhakikishia kwamba wa kwanza atabaki. Bibi yangu hakuniambia lolote kuhusu hilo. Na ukiipeleka kwa Mwenyekiti, inarudi kule kule, itakutana nao wote wawili."

"Miaka thelathini imewashika watoto wangapi?"

"Mia mbili na kitu."

"Basi itaweza kuongeza mmoja."

"Hujui."

"Sijui," alikubali Bi Lehemu.

Alikaa kwenye kigoda. Alikumbuka alivyosimama mlangoni kwa mshona viatu ile mara ya pili, na kumwambia kifungo kimoja ni aibu, mtu mwenye mtoto vitani. Alikumbuka pia kwamba mshona viatu alimwomba radhi. Kisha akawasha jiko lake, akaliinamisha debe, akamimina risasi zote katika kikombe cha kuyeyushia. Zilipoanza kulegea, karakana ilinukia kama chumba cha uzazi.

Alifua kijiko. Alifikiria sahani, akafikiria kikombe, lakini mshona viatu mwenyewe aliomba kijiko, alisema Mlingoti alikuwa mtu wa kula. Kilikuwa kijiko kikubwa, chenye mpini mrefu kuliko kawaida, ili kisimchanganye na mtu mwingine. Bi Lehemu alikipoza kwenye maji, akakigonga. Kililia kwa sauti ile ile ya kujivuta. Kabla ya kumkabidhi alikishika kidogo, akakiinamia na kukinong'oneza kitu, na mkunga akajifanya anatazama barabara.

Mshona viatu alikwenda nacho nyumbani. Alikula nacho, akakitia katika kiatu cha Mlingoti kilichobaki, akakilaza katika godoro lililokuwa na shimo refu mfano wa mtumbwi, akakaa karibu nacho akikisimulia. Alikuwa na nusu siku na usiku mmoja wa kusema mambo ya miaka ishirini na mbili, kwa hiyo alisema haraka na kuruka magonjwa madogo madogo.

Jumamosi saa nne lori lilikuwa mbele ya duka la Mwenyekiti, limeinama kwa uzito. Serikali ilikuwa imemtumia Mwenyekiti nishani kwa kuwa kampeni yake ndiyo iliyokusanya shaba nyingi kuliko zote nchini, na alikuwa ameivaa. Karani wa wilaya alikuwepo, amekuja kushuhudia, na mkononi alikuwa na kitasa kilichofungwa kwa kitambaa cha mtoto. Ndege nayo ilikuwepo, ingawa haikuwa Jumanne. Ilikuwa imetobolewa vibaya mkiani. Rubani alimwambia Bi Lehemu kwamba haina haraka, wamalize kwanza shughuli.

Mshona viatu alifika wa mwisho. Macho yake yalikuwa mekundu na sauti imemkauka. Mwenyekiti alikipokea kijiko, akakigeuza, akakiweka kwenye mzani. Mshale haukusogea.

"Kitatosha?" aliuliza mshona viatu.

"Haba na haba, mzee wangu," alisema Mwenyekiti kwa upole, na akakitia garini.

Dereva akawasha injini. Watu walishika vitu vyao vya mwisho kupitia pembeni mwa lori, wakavipapasa, mama wa mapacha akaubusu mguu wa kitanda. Lori likaondoka. Lilipofika kwenye njia panda, barabara ya kushoto ilikwenda kambini kwa jeshi letu na ya kulia ilikwenda mpakani. Lilikata kulia, na mtaa mzima ukapiga makofi kwa kuliona limeshika njia. Wengine walipunga vitambaa. Mwenyekiti alipiga saluti.

Bi Lehemu hakupiga makofi wala hakupunga. Alikuwa amesimama na mkunga, mikono ameikunja ndani ya kanga, akilitazama lori, hivyo ndiye aliyemwona kwanza mshona viatu anavyotoka katika umati. Alianza kwa kutembea, akaongeza mwendo, kisha akakimbia, kandambili zikabaki nyuma moja moja. Lori lilikuwa halijashika kasi bado. Alikimbia katika vumbi lake mkono mmoja ukiwa juu, akiliita jina la mwanawe. Hakuita Mlingoti. Aliita jina halisi, lile ambalo watu wengi wa mtaa hawakuwa wamewahi kulisikia, akalirudia na kulirudia kwa sauti yake iliyokauka, ili kijiko kisije kikasahau njiani.